Kitalu cha miche njia ya Kipalapala, Tabora: migunga yenye gome la karatasi

Ukiwa Tabora na unataka mche wa mti utakaokaa miaka mingi kuliko wewe, nenda kwenye kitalu hiki kabla hujaenda kwingine. Ukitoka mjini kuelekea Kipalapala, angalia mkono wa kushoto. Hakina bango. Utaona tangi jeusi la maji juu ya matofali ya kuchoma, neti ya kivuli iliyofungwa kwenye nguzo za miti, na nyuma yake mgunga mmoja mkubwa wenye kichwa kipana. Huo mgunga ndio ulionifanya niandike.

Mimi ni mwalimu wa biolojia. Mume wangu na mimi tuna shamba upande wa Itetemia, kwa juu ni mchanga na kwa chini linagusa mbuga, ule udongo mweusi unaoshika maji wakati wa kifuku na kupasuka mipasuko wakati wa kiangazi. Tunafuga nyuki kwenye mizinga ya mbao. Tabora bado ina mizinga mingi ya magome, na kila mzinga wa gome ni mti uliovuliwa ngozi kuzunguka shina lote, mara nyingi myombo au mtundu. Mti ukishavuliwa hivyo, chakula kinachotengenezwa na majani hakiwezi tena kushuka kwenye mizizi, na mti unakufa ungali umesimama. Kwa hiyo tulipopata shamba letu tulikubaliana kwamba sisi tutapanda, na tulitaka mti utakaowalisha nyuki na pia uweze kuishi pale chini panapotuama maji.

Nilikwenda kitaluni na picha kwenye simu. Ilikuwa picha ya ule mti wa Australia wenye shina jeupe na gome la tabaka nyingi laini, unaobanduka vipande vipana vyembamba. Jina lake la kitaalamu ni Melaleuca quinquenervia. Ni mti mzuri wa kutazama, maua yake meupe yana asali nyingi, na unapenda maji. Niliona umefaa kila kitu.

Mwenye kitalu ni bwana misitu mstaafu. Anakaa kwenye kiti cha kamba chini ya neti, na mkwewe ndiye anayepokea fedha na kuandika daftari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu, karibu. Habari za shule?"

Nilimwonyesha picha. Aliisogeza mbali kidogo na macho, akaitazama, akanirudishia simu.

"Huo naujua. Siuoteshi."

"Hauoti huku kwetu?"

"Unaota. Shamba lako liko wapi?"

"Itetemia. Kwa chini linagusa mbuga."

"Basi hata ukimkuta mtu anauuza, usinunue. Mti huo ukishaonja maji hauondoki, na wala haukai peke yake."

Hapo ndipo kitalu hiki kilipopata nyota yake ya kwanza kwangu. Ni rahisi sana kwa muuzaji kusema "tutakutafutia, lete kianzio". Huyu alikataa fedha yangu kabla hata hatujataja bei, na sababu yake ilikuwa ya kweli. Kule Florida, Marekani, mti huo uliletwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa mapambo na kwa kukausha ardhi yenye maji. Katika miaka ya 1930 mbegu zake zilimwagwa hata kwa ndege juu ya kinamasi cha Everglades. Mti mmoja mkubwa unaweza kushikilia mamilioni ya mbegu ndogo mno ndani ya vitunda vigumu vilivyofungwa kwenye matawi. Ukiukata, ukiuchoma moto au ukiuvunja tawi, vitunda hukauka na kufunguka, na mbegu zote zinamwagika kwa pamoja. Shina lenyewe haliungui kirahisi kwa sababu lile gome la tabaka nyingi linalilinda. Yaani moto, ambao ungeua miti mingine na kuacha nafasi wazi, wenyewe unausaidia. Mwaka 1997 wataalamu walilazimika kuanza kuachia kule wadudu wanaokula majani yake, waliotolewa Australia, ili kuupunguza nguvu.

Sasa fikiria mti wa tabia hiyo kwetu, mahali ambapo kila kiangazi moto unapita porini. Maji ya sehemu kubwa ya mkoa wa Tabora yanateremka magharibi kwenye bonde la Malagarasi, kisha yanaingia Ziwa Tanganyika kule Kigoma. Ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi ndiyo ya kwanza Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2000. Kuna samaki, kuna ndege, kuna watu wanaoishi kwa maji yale. Sitaki mbegu iliyotoka shambani kwangu ielee mpaka kule. Kwa Australia mti ule ni wa nyumbani, na huko una wadudu wake na magonjwa yake ya kuudhibiti. Kwetu haufai kuwekwa mbugani.

"Unataka gome la karatasi? Njoo uone," mzee akasema, akanyanyuka.

Alinipeleka nyuma, kwenye ule mgunga mkubwa. Vitabu vya zamani vinauita Acacia sieberiana. Siku hizi unaitwa Vachellia sieberiana, baada ya mikutano ya wataalamu wa mimea ya Vienna mwaka 2005 na Melbourne mwaka 2011 kuamua kwamba jina Acacia libaki kwa kundi kubwa la miti ya Australia. Ni mti wa Afrika, unapatikana tangu Senegal mpaka Afrika Kusini, na hapa Tanzania uko kwao kabisa. Gome lake ni la rangi ya manjano iliyofifia na kijivu, linabanduka vipande vyembamba vinavyojikunja pembeni, na ukiwa chini yake jua la jioni linapita kwenye vile vipande vinang'aa. Haufanani na ule wa Australia. Huo wa Australia una gome nene, laini, la tabaka juu ya tabaka. Huu unabanduka kidogo kidogo, na chini yake utaona gome jipya la manjano. Mimi naupenda huu zaidi.

Watoto wa jirani walikuwa wanabandua vipande. Mzee aliwaambia waache, halafu akanieleza: kipande kilichokwisha kujiachia chenyewe hakina kazi tena kwa mti, lakini ukivuta kile ambacho bado kimeshika unaweza kufikia gome hai, ukaufungulia mti mlango wa fukusi na ukungu. Wateja wengine wakiona gome linabanduka wanarudi kulalamika kwamba mti unaumwa. Hauumwi.

Nieleze sasa jinsi anavyootesha, kwa sababu ndipo tofauti ya kitalu hiki na vingine ilipo.

Maganda ya mbegu ya mgunga huu ni mazito, magumu, na hayapasuki yenyewe. Ng'ombe wanayapenda yakishakomaa na kuanguka. Mbegu nyingine zinapita tumboni mwa ng'ombe zikiwa nzima, na huko ganda lake gumu linalainika. Kwa hiyo mzee anakusanya sehemu ya mbegu zake kwenye mazizi ya majirani, kwenye samadi iliyokauka, na sehemu nyingine kwa kuyaponda maganda. Kisha anazimwaga kwenye ndoo ya maji. Zinazoelea anazitupa, maana nyingi zimetobolewa na fukusi ambaye amekula ndani. Zilizozama anazimwagia maji yaliyochemka na kuepuliwa jikoni, anaziacha humo mpaka yapoe na zilale usiku mzima. Asubuhi zilizovimba anazipanda. Ambazo hazikuvimba anazikwangua pembeni kwa tupa, upande ulio mbali na kile kijicho chake, anazirudisha majini. Mbegu ya mgunga isiyofanyiwa hivyo inaweza kukaa ardhini miezi mingi ikikusubiri.

Anapanda moja kwa moja kwenye kiriba, mbegu mbili, kina cha kama sentimita mbili. Hapiti kwenye tuta la kusia. Sababu yake ni mzizi mkuu: mche wa mgunga unapeleka mzizi chini haraka sana kuliko unavyopandisha majani juu, na ukiuhamisha mara mbili unauumiza mara mbili. Viriba vyake ni virefu kuliko vya kawaida, na kila baada ya muda ananyanyua kimoja kimoja na kukata mizizi iliyotoboa chini. Mche usiofanyiwa hivyo unaingiza mzizi kwenye ardhi ya kitalu, na siku ukiuchukua unauacha mzizi wote huko. Unafika shambani una majani mazuri na hauna miguu. Hilo ndilo lililotokea kwa miche niliyoona kwa watu kadhaa iliyotoka sehemu nyingine, ambako unalipia kimo tu.

Kitu kingine: kwenye mchanganyiko wa udongo wake, pamoja na mchanga na samadi iliyooza vizuri, anaongeza karai moja la udongo kutoka chini ya ule mgunga mkubwa. Mgunga ni jamii ya kunde. Kwenye mizizi yake kuna vinundu ambamo bakteria wanaichukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Bakteria hao wanatoka kwenye udongo, na ukitumia udongo mtupu wa kuchimba mtoni huenda wasiwepo. Mche mmoja wa ziada niliuchukua kwa ajili ya darasa. Tuliosha mizizi kwenye beseni, wanafunzi wakavipata vinundu, tukavipasua kwa wembe. Ndani vilikuwa vya rangi ya waridi, dalili kwamba vinafanya kazi. Kuna mwanafunzi aliyekaa na kile kinundu mkononi mpaka kengele ikalia. Hakuna mchoro ubaoni ungefanya hivyo.

Bei: nililipa shilingi 2,000 kwa mche. Kuna mahali mjini utapata mche wa mti wa kivuli kwa nusu ya hiyo. Nasema bila kusita kwamba hii ya 2,000 ndiyo rahisi. Nilichukua kumi na mmoja, kumi wa shamba na ule wa darasa. Unaweza kulipa kwa simu, na mkwewe anakuandikia risiti ukiomba. Kabla ya kukupa, miche inakuwa imeshatolewa kwenye neti na kukaa juani wiki kadhaa huku maji yakipunguzwa, ili isishtuke shambani. Mche mmoja ulipokuwa unapakiwa kiriba kilichanika, na mzee mwenyewe aliona mzizi wake umejizungusha chini. Aliuweka pembeni akanipa mwingine, bila mimi kusema neno.

Maelekezo aliyonipa ya kupanda na kutunza nayaandika hapa kwa kuwa hakuna karatasi yake, na kwangu yamefanya kazi.

Alisema nisipande mpaka mvua ishike, siyo ile ya kwanza ya kudanganya. Kwa Tabora hiyo ni kuanzia mwishoni mwa mwezi wa 11 kwenda wa 12. Shimo liwe pana na lenye kina cha kutosha mzizi mkuu usimame wima. Kiriba kiondolewe chote. Wapo wanaopanda nacho wakidhani kitaoza. Shambani kwangu aliniambia nisiweke miche katikati ya mbuga panapotuama maji mwezi mzima, bali pembezoni, pale udongo mweusi unapoanza kuchanganyika na mchanga. Mgunga huu unapenda udongo wenye kina na maji ya chini, ila mche mchanga ukizama unaoza. Nafasi kati ya mti na mti tuliacha mita nane, maana kichwa chake kinapanuka sana.

Kiangazi cha kwanza ndicho cha kuulinda. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi hapa hakuna mvua ya kutegemea. Tulimwagilia kwa nadra lakini kwa wingi, maji yafike chini ili mzizi uyafuate. Ukimwagilia kikombe kila jioni mizizi inabaki juu, na siku ukisafiri mti unakufa. Matandazo ya majani makavu tuliweka kwa duara, tukaacha nafasi wazi karibu na shina kwa sababu ya mchwa. Mchwa wa Tabora hawahitaji mwaliko. Tulipalilia pia duara pana kuzunguka kila mche na kukata barabara ya moto upande wa jirani. Mgunga mkubwa unaweza kuustahimili moto wa nyasi, mdogo hauwezi.

Kati ya kumi, tisa ipo. Mmoja ulikatwa na mbuzi. Tangu tupande, kifuku cha mwaka juzi, mrefu kuliko yote umenipita kichwa. Gome la karatasi bado, matawi machanga yana manyoya mafupi ya rangi ya dhahabu na shina ni laini. Anayenunua mche leo akitegemea kuona gome likibanduka mwakani atachoka kusubiri. Maua nayo bado kwangu, lakini kwenye ule mti mkubwa wa kitaluni nimeyaona: vifungu vidogo vya mviringo, rangi ya maziwa, vina harufu, na nyuki wamejaa mpaka unausikia mti kabla hujafika.

Miiba ni suala zito. Ni myeupe, imenyooka, inakaa miwili miwili, na kwenye miti michanga inaweza kufika sentimita 10. Inatoboa kandambili na tairi la baiskeli. Usiupande karibu na mlango, wala pale watoto wanapochezea, wala kandokando ya njia ya bodaboda. Ukipogoa matawi ya chini, yakusanye yote siku hiyohiyo.

Na hapa ndipo ninapowakata nyota. Mtu ananunua miche hii akiwa na mbuzi na ng'ombe nyumbani, na hakuna anayemwambia habari ya majani mpaka aulize. Maganda yaliyokomaa ni chakula kizuri cha mifugo. Majani ya mgunga huu lakini yana kemikali ambayo, yakikatwa na kunyauka, inaweza kutoa sumu ya sianidi. Matawi uliyopogoa asubuhi yakilala juani na mbuzi wenye njaa wakayavamia mchana, unaweza kupoteza mnyama. Mzee analijua vizuri, aliponijibu alinieleza kwa kirefu. Ila nilipata jibu kwa sababu mimi ni mwalimu wa somo hilo na niliuliza. Mama mmoja aliyekuwa ananunua pembeni yangu, ambaye alikuwa ametoka kusema ana mbuzi, aliondoka na miche yake bila kuelezwa. Nilimfuata mimi kwenye guta nikamwambia.

Kasoro nyingine ni ndogo. Miche haina vibandiko vya majina, na migunga ya aina mbalimbali ikiwa michanga inafanana mno. Mzee asipokuwepo mkwewe anaweza kukupa mwingine. Njia ya kuingilia ni mbaya wakati wa mvua, na ndio msimu ambao kila mtu anakuja. Kusafirisha unajitegemea. Jumapili mchana wamefunga.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Kwa ubora wa mizizi peke yake ningewapa tano.

Kwa mwenye kutaka miche ya kifuku kijacho: toa oda mapema, mwezi wa saba au wa nane, kwa kuwa migunga hii anaotesha michache na wakulima wa tumbaku wanaotakiwa kupanda miti wanachukua mingi kwa pamoja. Sema ardhi yako ikoje, usitaje mti kwanza. Ukiwa na mchanga mtupu wa juu atakupeleka kwenye miti mingine, na mimi nimeona akimrudisha mtu na mininga badala ya migunga.

Na kwa mzee na mkwewe, kama haya yatawafikia: wekeni kipande cha kadibodi tu pale kwenye viriba vya migunga, kiandikwe jina la mti na maneno "majani yaliyonyauka ni sumu kwa mifugo". Kalamu ya wino mzito ninayo, nitakuja nayo.